Supu ya Bi Tausi na Maziwa Kwenye Damu Yangu

Jamani, chekeni tu, maana mpaka leo nikikatiza mtaani kwetu Ng'ambo kuna watu wananisalimia "Shikamoo Mzee Supu," na mimi naitikia marahaba huku nimeshusha kofia mpaka puani, nitafanyaje?

Mguu wangu wa kushoto ulivimba, nikapelekwa hospitali, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa. Nikaanzishiwa dawa, na daktari akatueleza, mimi na mke wangu Mama Rehema, kwamba mwili wenyewe una kazi yake ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila mafuta yakizidi kwenye damu kazi hiyo inazorota, kwa hiyo kesho nirudi nipimwe mafuta, na kuanzia usiku nisitie kitu mdomoni isipokuwa maji. Mama Rehema alitoka pale kanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Asubuhi nikamwambia natoka kidogo kunyoosha mguu. Nikapita kwa Bi Tausi, jirani yetu muuza supu, na ile harufu, jamani, ile harufu! Nikasema kijiko kimoja tu. Kijiko kikaita bakuli, bakuli likaita chapati, nikafuta mdomo, nikarudi kumchukua mke wangu kama mtu mwema.

Hospitali nikatolewa damu, tukangoja. Mara mama wa maabara katoka na kichupa cha damu yangu, juu yake pameelea kitu cheupe kama maziwa.

"Baba, umekula nini leo?"

Mama Rehema ananitazama. Nikasema, "Maji tu."

Basi nikawa nimejimaliza! Daktari akaitwa, akakunja uso, akasema kama mtu hajala na damu iko hivi, haondoki, analazwa. Mama Rehema akaangua kilio, akampigia dada yake wa Ipuli, dada mtu akawapigia wote, shemeji yangu wa Bukene naye anaulizia treni, na kabla sijapewa kitanda benchi limejaa kina mama wa Ng'ambo wananiombea dua, nami katikati yao nakohoakohoa, natafuta pa kuanzia.

Sikupata nafasi. Bi Tausi kaingia mbio na aproni yake, analia kwa uchungu wa kweli: "Haiwezekani! Asubuhi hii hii alikuwa mzima, kamaliza bakuli na chapati mbili, akaniomba na yale mafuta ya juu!"

Dua ikakatika. Daktari akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Kina mama walicheka mpaka khanga zikawadondoka.

Mama Rehema peke yake hakucheka. Aliinuka, akayumba, akashika ukuta.

"Una nini, mke wangu?"

"Njaa," akasema. "Sijala tangu jana. Nilisema tufunge wote, usijione mpweke."

Loo! Aibu yote ya mwanzo ilikuwa mchezo. Bi Tausi akaleta uji, nikamnywesha mwenyewe mbele ya wote, kijiko kwa kijiko.

Kesho yake tulirudi, wote wawili tumbo tupu. Siku hizi kwa Bi Tausi napita upande wa pili wa barabara, tena nimebana pumzi, na daktari akiniuliza nimekula nini, namwachia Mama Rehema ajibu.