Bugali ya Watu Wawili

Baada ya kumzika mke wangu, mtoto wangu alinichukua kwake Nyalukemba. Mkwe wangu ni mwema, lakini alinikatia nyama vipande vidogo na kunipulizia chai. Miguu yangu ingali mizima. Nikaomba chumba katika uwanja wa parokia, wanapoishi wazee wanaojitegemea: kila mmoja na ufunguo wake, ndoo yake na mbabula yake, jiko dogo la makaa.

Masera, mtawa anayesimamia uwanja, aliniuliza kama najua kupika. Nilimwambia hapana. Alicheka, akanipa mwezi mmoja. Nikishindwa, mtoto wangu atakuja kunirudisha.

Bugali niliijua kwa macho tu. Miaka yote nilikaa kwenye kiti nikimtazama mke wangu akisonga. Basi nilipima maji kama yeye, unga kama yeye, na kila siku ilibaki nusu.

Jirani yangu, mjane aliyefundisha shule ya msingi, alichungulia mlangoni.

"Papa, wageni wako watafika saa ngapi?"

"Sina wageni, maman."

"Sasa hii yote ni ya mutu moya? Huyo mutu iko na tumbo mbili."

Kesho yake alileta sahani yake bila kualikwa. Alisema anakuja kunisaidia nisinenepe.

Mwezi ulipoisha, masera alikuja wakati wa chakula. Jirani alikuwa bado kwenye bomba la maji. Masera aliutazama ule mlima wa bugali.

"Papa, nani anakula na wewe?"

Jirani alifika mbio na ndoo yake. "Ni mimi, masera. Alinialika."

"Hapana," nikasema. "Alijialika. Mimi najua kipimo cha mke wangu tu. Cha mtu mmoja sijui."

Nilidhani nimejifukuza mwenyewe. Masera alinawa mikono, akakata tonge, akatafuna polepole.

"Iko na mabonge," akasema. "Lakini imeiva. Bakia."

Alipotoka, jirani alileta sambaza zake, samaki wadogo wa ziwani, akaziweka mezani, uso umekunjamana.

"Mutu anakuokoa, nawe unamwita mdoezi mbele ya masera."

"Sikusema mdoezi."

"Ulisema nilijialika."

"Ulijialika, maman."

Alikula mpaka sufuria ikabaki ukoko. Mpaka leo kipimo sijapunguza. Mabonge yamepungua kidogo, ingawa yeye hakubali.