Aliyefunga Breki Anapanda

Siku yangu ya kwanza kazini injini ilinimeza kidole. Sisemi ilinikata, kidole ninacho mpaka leo, ndicho hiki kinachoshika kalamu kwa taabu. Fundi Mkuu wa ile karakana ya Makambako alichomoa mpira mmoja kwenye lori lililokuwa linanguruma, siku hizo malori ya petroli yalikuwepo bado, akaniambia, "Ziba hapo kwa dole gumba." Nikaziba. Kitu kikalivuta dole langu ndani kama ndama anavyovuta chuchu. Nikapiga ukelele, nikarudi kinyumenyume mpaka nikakaa kwenye beseni la oili chafu. Mafundi wote wakacheka. Yeye hakucheka.

"Umeogopa?"

"Nimeogopa, bwana mkubwa."

"Basi umepata kazi. Asiyeogopa ataniulia watu."

Naanza na woga kwa sababu vijana wanaokuja kuniuliza habari za ufundi wanategemea niwape habari za ushujaa. Sina. Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu, na kazi yangu maisha yote imekuwa breki na mipira ya injini. Kilichonifikisha kwenye mvi hizi ni woga.

Niwaeleze kile kilichovuta kidole. Injini ya petroli inavuta pumzi kama mtu, na ule mvuto wake mafundi tunauita vakyumu. Mvuto huo unapita kwenye mipira kwenda kufanya kazi huku na huku. Mpira mmoja mnene unakwenda kwenye busta, ile sufuria nyeusi iliyo mbele ya pedali ya breki. Busta ndiyo inayousaidia mguu wa dereva. Mvuto usipofika pale, pedali inakuwa jiwe. Gari linaweza kusimama bado, lakini litataka mguu wa ng'ombe, na wewe una mguu wa binadamu.

Wiki ileile tulimaliza lori la kubeba pareto. Mimi nilikuwa nimekaza klipu moja tu ya mpira wa busta, tena nikiwa nimeshikiwa taa. Fundi Mkuu akanionyesha mlango wa mbele. "Panda."

"Bwana mkubwa, mimi nimekaza klipu moja."

"Klipu hiyo ndiyo breki. Hapa kwangu aliyefunga breki anapanda, mteremko wa kwanza anashuka pamoja na mwenye gari. Akifika chini, na wewe ufike. Asipofika, usibaki hapa unakunywa chai."

Nikapanda. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga turubai nyuma yetu kama mtu anayedai mlango. Mteremko ulipoanza niliomba Mungu kwa Kibena, maana Kiswahili nilikuwa sijakizoea kwa mambo mazito. Dereva akaniuliza, "Unasema nini?" Nikamwambia naimba. Tukafika chini. Nikashuka nikatapika ugali wote, nikarudi karakana kwa miguu, na tangu siku hiyo sijawahi kukaza klipu bila kuuona ule mteremko.

Baadaye nilihamia shamba la chai upande wa Njombe, chini ya Bwana Karakana, mtu wa kuvaa kaptula kwenye baridi ambayo inagandisha maji ya kunawa. Yeye alisema habari ya fundi kupanda ni ushamba wa Makambako, inapoteza muda wa kazi. Nikawa napanda saa ya chakula, kimyakimya, na chakula changu wakala wengine. Ndiyo maana mke wangu aliponiona mara ya kwanza alidhani mimi ni mgonjwa. Lakini hiyo ni hadithi nyingine, na yeye anaisimulia vizuri kuliko mimi. Shamba lilipopunguza watu nikafungua banda langu mjini Njombe, nyuma ya soko, na hapo ndipo Mama Sanga aliniletea lile Pijo.

Mama Sanga ni Mkinga, mjane, muuza viazi na mbolea, na mtani wangu. Pijo ni gari la marehemu mumewe, la zamani sana, la gia za kwenye usukani. Injini yake ilipokufa, mtoto wao aliyeko Dar es Salaam alilichukua, akaliwekea injini ya kibasi cha Kijapani. Sasa injini ile ni ya juzijuzi, imezaliwa na mipira mingi midogo ambayo Pijo halikuijua: kuna wa kurudisha mvuke wa petroli uchomwe usiende hewani, kuna wa kurudisha moshi kidogo ndani ya injini, kuna unaokwenda kwenye kopo la mkaa linalonasa harufu ya tangi. Yote ni ya kupunguza uchafu wa moshi. Waliohamisha injini walishindwa kujua upi uende wapi, wakaiziba. Mmoja ulizibwa kwa skrubu, mwingine kwa kijiti, mwingine kwa kifuniko cha kalamu.

"Kamwene, Mzee Mgaya," alisema akishuka.

"Kamwene, mama. Gari linakohoa."

"Kukohoa nimelizoea. Shida ni breki. Zinachoka."

"Breki hazichoki, mama. Zinachoka lini?"

"Zikikaribia Makambako. Asubuhi hapa Njombe ni laini kama siagi. Nikifika mbali, nikikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe. Likipumzika likapoa, zinarudi."

Niliogopa palepale. Breki mbovu unaijua. Breki inayokuwa nzuri asubuhi na kukugeuka mchana ni kama mbwa anayetikisa mkia kabla ya kuuma. Nikamwambia aliache gari, akodi jingine.

"Siwezi. Jumamosi Tumaini anaolewa, kanisa ni Makambako. Baba yake alimwahidi kumpeleka kanisani kwa Pijo hili, naye akamtangulia. Nitaendesha mimi mwenyewe, bibi harusi nyuma."

"Mama, huo ni mteremko."

"Ninyi Wabena mnaogopa hata mteremko wa kisimani!"

"Na ninyi Wakinga mkifika mbinguni mtauliza kwanza bei ya kiti."

Alicheka mpaka akaegemea boneti. Lakini alipokuwa akinipa funguo aliendelea kuzishika, sikuweza kuzichukua. Na yeye alikuwa anaogopa. Tumaini ni mtoto wake wa kike pekee, nami nimemjua tangu akibebwa mgongoni.

Nilifanya kazi kwa utaratibu wa Fundi Mkuu. Mipira haiguswi kwanza, inafuatwa kwa kidole, kutoka inapoanza mpaka inapoishia, kama unavyoufuata mzizi wa mti shambani. Niliyoikuta imezibwa kwa vijiti niliirudisha kila mmoja kwake. Kopo la mkaa lilikuwa limeningʼinia kwa waya, nikalifunga likae. Iliyopasuka nikabadilisha. Kisha nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaipitisha pole pole kwenye kila kiungo, nikisikiliza mlio wa hewa inayonyonywa: sss. Palipolia nikakaza, mpaka injini ikaacha kukohoa. Mpira mnene wa busta niliukagua, ulionekana mpya, mnono, haulii kabisa. Nikazima injini nikakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, nikaibana kwa mguu, nikawasha: ikazama yenyewe kidogo. Ndivyo busta nzima inavyofanya. Asubuhi iliyofuata, umande ukiwa bado mweupe kwenye nyasi, nikarudia, ikazama tena.

Kila kitu kizuri. Na hicho ndicho kilichonitisha. Ugonjwa nilikuwa sijauona, na gari linanitikisia mkia.

Alhamisi Mama Sanga akaja. "Mzee, tayari?"

"Sijui. Twende tukaone."

"Unakwenda na mimi? Si ungenisubiri hapa?"

"Aliyefunga breki anapanda."

Tulitoka Njombe na kipande cha boksi mbele ya rejeta, kama tunavyofanya wote huku ili injini ipate joto. Ilipata. Tulipanda, tukashuka, tukapita mashamba ya viazi na miti ya paini, yeye akinieleza bei ya mahari ambayo upande wa bwana harusi walitaka kuipunguza, mimi nikiitikia "ee, ee" huku nautazama mguu wake. Breki zilikuwa laini. Nikaanza kujidanganya kwamba ilikuwa ile mipira midogo tu.

Mteremko mrefu ulipoanza, mbele yetu lilikuwepo lori la mbao likitambaa. Mama Sanga akakanyaga, gari likatii. Akaachia, akakanyaga tena, likatii kidogo. Akakanyaga mara ya tatu.

"Mzee."

"Nakusikia."

"Imegoma."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema polepole kama mtu anayekuambia kuna nyoka karibu na mguu wako. Mbao zilikuwa zinakuja. Nikaona misumari kwenye ncha zake, nikaona kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ubao mrefu kuliko yote, kinapeperuka, kinatuita.

"Gia ya pili! Tia ya pili!"

Akatia, injini ikalia kama nguruwe, tukapungua, haikutosha. Nikavuta breki ya mkono. Haikutosha. Ndipo nikashukuru kwamba gia za Pijo ziko kwenye usukani, katikati hapana kitu. Nikajivuta upande wake, nikapitisha mguu wangu wa kulia juu ya wa kwake, tukakanyaga wawili, kama watu wanaokanyaga udongo wa matofali. Nilisikia mfupa wake chini ya kiatu changu. Nilisikia mtu anaomba kwa Kibena, nikajua ni mimi.

Gari likasimama. Kile kitambaa chekundu kilikuwa kinagusa kioo. Lori wala halikujua, likaendelea na safari yake.

Nilitamani kukaa palepale nilie. Lakini joto likiondoka ugonjwa unajificha tena. Nikamwambia asizime injini. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikafungua boneti, nikatazama. Mpira mnene, ule mnono, ulikuwa umelala bapa kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa. Joto limeulainisha, mvuto wa injini umeunyonya, umejifunga wenyewe. Haujatoboka wala haulii, ila haupitishi kitu.

"Mama Sanga, mpira huu nani aliweka?"

Alikuwa ameshuka, anachechemea. Akainama akatazama. "Mimi. Ule wa zamani ulipasuka, nikakata kwenye bomba langu la kupulizia dawa ya viazi. Mpira mzuri sana huo, Mzee! Nimepulizia nao misimu mingi, haujavuja hata tone."

Nikakaa chini kwenye majani. Vijana wangu, mpira wa bomba la viazi umetengenezwa kusukumwa kwa ndani. Dawa inausukuma, nao unatuna, hauvuji kweli. Lakini mpira wa busta hausukumwi, unanyonywa, na unataka uwe na nyuzi ndani yake za kuushikilia usijifunge. Kwa macho ni ndugu. Sidhani kama kuna mahali pengine duniani watu wangefanya kosa hilo. Huku kwetu kila nyumba ina bomba la viazi, na kila kitu kikikatika tunalitazama lenyewe kwanza.

"Kwa hiyo ningemuua mwanangu kwa bomba la viazi," alisema.

"Hujamuua. Zima injini lipoe kwanza, ndipo turudi polepole."

Siku iliyofuata nikaweka mpira wa kweli, wenye nyuzi, na valvu yake inayoruhusu hewa upande mmoja tu, ili injini ikizimika busta ibaki na akiba. Tukaliendesha mpaka likawa la moto kama jiko, tukateremka, tukakanyaga mpaka nikachoka kuhesabu. Breki zikashika kila mara. Woga haukutoka hata kidogo.

Jumamosi nilivaa koti nililoolea. Watu waliuliza yule mzee aliyekaa mbele kwenye gari la bibi harusi ni nani. Shangazi wa Tumaini alitaka nishuke, kiti kile ni cha mpambe. Mama Sanga akamwambia, "Wewe ulifunga breki? Basi kaa kwenye kibasi." Tukaondoka na maua kwenye boneti. Kwenye ule mteremko mrefu mimi niliutazama mguu wa Mama Sanga, yeye barabara. Nyuma Tumaini alikuwa anaimba polepole wimbo wa kwaya, hajui. Hatukumwambia, na namwomba Mungu asisome haya mpaka mimi nimeshazikwa.

Breki zilishika. Kona ya kwanza, ya pili, mpaka chini, mpaka mlango wa kanisa, ambako upepo ulikuwa unatupa shela za watu hovyo na matarumbeta yamesimama tayari. Milango ikafunguliwa, vigelegele. Mama Sanga akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Babu, shuka upigwe picha," Tumaini akaniambia dirishani.

"Nashuka."

Lakini nilikuwa siwezi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu, mahali ambapo hakuna pedali yoyote, na ulikuwa haukubali kuachia. Ilibidi niushike kwa mikono miwili niunyanyue kama mzigo wa mtu mwingine. Nikiwa nimeushika hivyo, nikajua kazi imekwisha. Jumatatu nikafunga banda.

Sasa nakaa nyumbani, na barabara ya malori inapita juu kidogo ya uzio wetu, kwenye kilima. Kila jioni yanateremka yakiwa yamejaa mbao na viazi. Nikiyasikia yanaanza kushuka, mguu unakanyaga udongo wenyewe, mbele ya kiti changu pamechimbika. Mke wangu ameshazoea. Anasimama na kikombe cha chai mkononi, anasubiri mlio ufike chini, ndipo ananipa.