Taa ya Senene Ndani ya Tundu la Kinyonga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya shule moja ya sekondari huko Ndama, nilipanda juu ya stuli. Msimamizi wa Maabara alikuwa amefungua boksi la sabuni, na ndani yake alikuwamo kinyonga. Kwetu tulilelewa kumkwepa. Ukimwona kwenye mti wa kahawa, unapita mbali.

"Shuka, Mama Koku," alisema akicheka. "Huyu hang'ati. Ni wa somo la biolojia, na wewe ndiye utakayemjengea nyumba."

Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, mhudumu wa maabara katika miezi ya majaribio. Mkuu wa Shule angeweza kuniondoa kwa neno moja.

Tundu nililitengeneza vizuri, hapo acheni nijisifu. Lilikuwa la mbao na wavu pande zote, maana kinyonga hutaka hewa ipite. Ndani nikafunga matawi ya mti wa kahawa. Balaa ikaja kwenye taa. Msimamizi aliniambia tu kwamba mnyama anahitaji joto la kuota, asubuhi zetu ni za baridi. Kwangu mimi, mtoto wa Kagera, taa ilikuwa na kazi moja: kutega senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata mwanga usiku. Nikaazima ile balbu kubwa ya kutegea ya kaka yangu, nikaining'iniza ndani ya tundu na kuiacha ikiwaka mpaka kesho yake. Nikajiona mjanja: joto apate, na wadudu wadogo wapenye wavu wenyewe.

Asubuhi nilimkuta mweusi tii, macho kafumba, mgongo umebabuka. Kinyonga huifuata taa na kuganda hapo, wala hashtuki mapema kwamba anaungua.

Mkuu wa Shule alifika kabla sijapata la kusema. "Nani kaweka taa hii?"

"Kosa ni langu, Mkuu," Msimamizi akajibu. Nilitaka ardhi inimeze.

Daktari wa mifugo alitupa dawa ya kupaka. Kisha Msimamizi akanifundisha upya. Taa ya joto hukaa nje, juu ya wavu. Tawi la juu liwe mbali na balbu. Weka mgongo wa mkono pale atakapokaa, ukishindwa kuvumilia, pandisha taa. Kando yake iwepo taa ya mionzi, inayofanya kazi ya jua kwenye mifupa. Jioni zima zote, naye alale gizani. Maji mpulizie kwenye majani, hayanywi kwenye bakuli.

Siku ya tano alifumbua jicho moja, akanasa panzi niliyemshikia. Nililia mbele ya wanafunzi, wala sikuona haya.

Nilithibitishwa kazini, nikahamishiwa Rugu, kisha Kyerwa. Kila shule niliacha tundu lenye taa nje.

Nilipostaafu, kituo changu cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa yule Msimamizi, sasa mzee anayeishi Rugera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu waitu, mtu wa kwetu."

Nikampa senene wa kukaanga, nikamwambia nililolibeba miaka yote: "Siku ile ulibeba kosa langu. Wanangu walisoma kwa sababu hiyo. Asante."

Akatafuna taratibu. "Sikulibeba, Mama Koku. Lilikuwa langu. Nilikupa mnyama kabla sijakufundisha kumtunza."

Akanisogezea bakuli la senene, tukala pamoja.