Hodi kwenye Matangi

Kila asubuhi mhudumu wa maabara ya samaki hupiga hodi kabla ya kufunua matangi, kwa sauti iliyochoka, kama anayeingia nyumba ya msiba. Perege wa maji matupu, yasiyotiwa dawa, hukimbilia chini. Wanaotiwa dawa ya sonona hubaki juu wakimtazama, hata anapopitisha kivuli cha mkono kama cha korongo, ndege mla samaki.

“Shoga, hawa woga umewatoka,” mwenzake Wahida alimtania leo.

“Korongo akija watajua.”

Dawa hiyohiyo mhudumu mwenyewe aliandikiwa hospitali. Imekaa wiki nzima kwenye fundo la kanga yake, haijamezwa. Akamwaga chakula. Wa juu wakala. Wa chini hawakutoka. Naye hajala tangu jana. Aliwatazama kwa muda mrefu wale wa chini, kisha akafungua fundo, akamwomba Wahida maji ya kunywa.