Ukumbi Usio na Viti

Niliingizwa kwenye kamati ya ukumbi kwa sababu mbili: nilikuwa na digrii ya sanaa, na sikuwa na kazi ambayo ningelazimika kuiombea ruhusa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa, na Mwanza ilikuwa imejaa mitumba, redio za kaseti na watu wenye mipango. Manispaa nayo ikapata mpango wake: jengo moja kubwa jirani na mto Mirongo, nusu soko, nusu ukumbi wa sanaa. Ukumbi ungekaa mbele, penye barabara. Nyuma yake zingepangwa mboga, nguo na vyombo.

Dagaa hawakuwemo. Wauza dagaa wangehamishiwa nje kidogo ya mji, kwa muda, kwa sababu ya harufu. Aliyezaliwa nchi hii hahitaji kuelezwa "kwa muda" ni kipindi gani.

Shida yangu ni kwamba shangazi yangu aliuza dagaa, na aliuza mahali hasa ambapo ramani ilionyesha mlango mkuu wa sanaa. Isitoshe nilikuwa naishi kwake, Igogo, nikilala kwenye kochi lake. Kwenye vikao vya kumwondoa nilikwenda nikiwa nimeshiba dagaa wake.

"Shikamoo shangazi," nilikuwa nikimwamkia nikirudi.

"Marahaba. Leo mmenipeleka wapi?"

"Bado tunajadili."

"Jadilini tu. Mkifika Musoma mniambie, nifungashe."

Alikuwa amekaa pale tangu alipofiwa na mumewe. Mteja wa nguo anaweza kukutafuta hata ukijificha, alisema, lakini mteja wa dagaa hakutafuti. Anakukuta njiani akitoka kazini, anakumbuka kwamba nyumbani hakuna mboga. Mwondoe muuzaji njiani, umemwondolea biashara. Mimi nikamweleza kwamba mji usio na ukumbi wa sanaa ni kama mtu asiye na roho. Sentensi hiyo niliitoa chuoni, na mpaka leo sijui ilikuwa na maana gani.

"Na hiyo roho," akauliza, "inakula nini?"

Si kwamba alichukia ngoma. Kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili zinazoshindana tangu enzi za mababu, na mtu anazaliwa upande wake tayari, kama anavyozaliwa na ukoo. Shangazi alikuwa mshabiki wa upande mmoja kwa moyo wake wote. Diwani wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alikuwa wa upande wa pili. Wawili hao wasingekubaliana hata kuhusu kama mvua inanyesha au hainyeshi.

Siku ya mkutano wa hadhara tuliazima viti parokiani, tukavipanga kwa mistari kwenye uwanja wa wazi. Tulialika na vikundi viwili vya ngoma, kimoja cha kila upande, vije kutumbuiza baada ya hotuba. Mchoraji wa ramani, Mhaya wa Bukoba aliyesomea Ulaya na ambaye hakupenda tusahau hilo, akatundika mchoro wake kwenye ubao. Nikapewa kipaza sauti niueleze kwa lugha nyepesi. Nikaeleza jukwaa, taa, na viti ambavyo vingefungwa sakafuni kwa boliti ili visiibwe.

Mzee mmoja, kiongozi wa ngoma za majembe, akanyoosha mkono.

"Hapo jukwaani watacheza pande zote mbili?"

"Ndiyo, mzee. Kwa zamu."

"Kwa zamu." Akawageukia wenzake kuhakikisha wamesikia. "Sasa aliyeshinda tutamjuaje?"

"Kutakuwa na majaji."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele taratibu, mpaka wale waliokaa meza kuu nao wakainamisha vichwa.

"Na majembe?" mzee akaendelea kwa upole. "Sisi tunayarusha juu. Naona hapo mmechora dari."

Mchoraji akaisogelea ramani yake na kuitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemkumbuka jina.

Ningepaswa kujua. Nilikua nikibebwa mabegani kupelekwa kwenye viwanja vya ngoma vijijini kule karibu na Bujora. Pande mbili huwa zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja mwisho wake wa uwanja, na watu wako katikati, huru. Wanaovutwa huku wanakuja huku. Wakinogewa kule, wanakimbilia kule. Upande unaobaki na watu ndio ulioshinda. Jaji ni miguu ya watazamaji. Na mimi, msomi wa sanaa, nilikuwa nimependekeza tuifunge miguu hiyo kwa boliti.

Nikafanya kosa la pili: nikaendelea kuhutubia. Sijui ni nani aliyegusa ngoma kwanza. Kila upande unasema ni ule mwingine. Ninachojua ni kwamba nilipofika kwenye umuhimu wa utamaduni katika maendeleo, ngoma ililia upande wa barabarani, nyingine ikajibu upande wa mto, na viti vikaanza kuachwa wazi mbele ya macho yangu. Shangazi alikuwa wa kwanza, amejifunga kitenge kiunoni. Diwani alijikaza. Alishika meza, akatazama saa, akakohoa, kisha akaenda upande wake kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusimamia usalama. Tukabaki mimi, mchoraji na viti vya parokia.

"Endelea," mchoraji akaniambia. "Mimi nasikiliza."

Waliporudi wakitoka jasho, mchoraji alikuwa amekwishavikata viti vyote na dari kwa penseli. Kilichobaki kwenye ramani ni sakafu kubwa tupu na paa la juu sana. Shangazi akaitazama muda mrefu.

"Baba," akamwita mchoraji, "ngoma ni Jumamosi jioni. Hiyo sakafu Jumatatu asubuhi itakuwa inafanya nini?"

Jibu lilikuwa limesimama pale na kitenge kiunoni.

"Mama, harufu," diwani akasema. "Mtu acheze ngoma kwenye harufu ya dagaa?"

"Kwani sisi tukicheza tunanukia nini?" akauliza yule mzee wa majembe.

Diwani akapangusa shingo kwa leso. Akasema yeye binafsi haoni tatizo, mradi sakafu ioshwe, na ieleweke kwamba hakubali kwa sababu upande wa mama huyu eti umeshinda leo.

"Upande wetu umeshinda," shangazi akasema. "Kule kwako ulibaki na walinzi."

Jengo lilichukua miaka, kama majengo ya umma yanavyochukua, na katikati wakabadilishwa wakandarasi. Lakini lilisimama, na halina viti. Siku za kazi, wauza dagaa wanapanga nyungo zao pale mbele, penye barabara. Jumamosi mchana wanainua mizigo, sakafu inaoshwa, na ngoma zinaingia kabla haijakauka.

Nilipita hapo asubuhi moja, siku za mwanzo, nikiwa nimeshapata kazi ya kufundisha na kununua koti la mitumba. Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango mkuu, hatua chache tu kutoka mahali pake pa zamani, akimpimia dagaa mtu ambaye ni wazi hakuwa amepanga kununua dagaa. Nikasimama mlangoni kulitazama paa lile la juu, na nikahisi sentensi nzuri kuhusu roho ya mji inanijia.

"Sogea huko," akasema bila kuinua macho. "Unanikingia wateja."