Jointi za Mtu Mwangalifu

Shemeji yangu Rozi Ali, mume wa dada yangu, hamwamini mtu. Akinunua mayai huyatikisa moja moja sikioni, na hata shehe akitangaza kwamba mwezi umeandama, Rozi hupanda juu ya paa akauone mwenyewe. Dada yangu amezeeka naye, na mpaka leo hajui ufunguo wa sanduku la bati unafichwa wapi. Haya nimeshamwambia usoni mara nyingi, kwa hiyo sioni haya kuyasimulia.

Ila vuli ile alikuwa na sababu. Binti yake Kaniz alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikwisha vibaya. Mehdi, dereva wa kijiji cha chini yetu, ndiye aliyekuwa anampeleka hospitali mjini Skardu. Gari lake la jipu likafa kwenye maporomoko, pale mto Braldu unaponguruma chini ya barabara, na Kaniz akajifungulia kwenye theluji, juu ya shuka la dada yangu. Mtoto hakulia. Mehdi alisema jointi ya mbele, kile kiungo cha chuma kinachozungusha gurudumu, ilikatika. Rozi akasema Mehdi mwongo, kwamba alisimamisha gari makusudi apandishe nauli, na tangu siku ile hakuitikia salamu yake. Akaapa kuwa mimba ya pili itashuka bonde kwa gari lake mwenyewe.

Gari lenyewe ni Toyota ya kijani, kuukuu kuliko ndoa ya Kaniz na ya mama yake pia. Linapanda popote. Lakini miezi ile likikata kona lilikuwa linalia mbele, kak-kak-kak, na Kaniz alilisikia akiwa dirishani anageuza tini na aprikoti zilizoanikwa.

"Ata," alimwambia baba yake, "mimi sipandi gari linalotafuna mifupa."

"Linakohoa tu."

"Basi likipona kikohozi ndio uniite."

Tukashuka Skardu, mimi na Rozi. Alinichukua kwa kuwa, kwa hesabu zake, mtu akiingia dukani peke yake huibiwa, na wakiingia wawili hupunjwa tu.

Fundi Taqi alifungua magurudumu ya mbele, akachomoa jointi zote mbili, akazifuta grisi. "Zimekufa hizi, mzee."

"Umewahi kumwambia mteja spea yake ni nzima?" Rozi akauliza.

"Basi weka kidole chako, usiniamini mimi." Taqi alimwonyesha ile mifereji ya chuma ambamo gololi hutembea. "Gari likienda mbele, gololi husukuma ukuta huu hapa. Wewe huendi nyuma kutwa nzima, unaenda mbele. Kwa hiyo ukuta huu ndio unaoliwa. Pitisha ukucha."

Rozi alipitisha ukucha, na ukucha ukazama. Alizitupa zile jointi kwenye rundo la vyuma kwa hasira, kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake. Kisha akafunga boneti kwa kufuli, akafunga betri kwa mnyororo, halafu, mbele ya mafundi wote, akafungua usukani na kuuchomoa. Usukani akanipa mimi niubebe.

"Mzee Rozi," Taqi alisema, "nami nikitaka kuiba gari lisilo na magurudumu ya mbele, nitalibeba mgongoni?"

"Mwizi hakosi njia."

Hivyo nikalipitia soko zima la Skardu nikiwa na usukani kifuani. Watoto waliniuliza gari langu liko wapi. Nilimlaani Rozi kimoyomoyo kila duka, na katika maduka mengine nilimlaani kwa sauti.

Duka la kwanza walikuwa na jointi mpya, ndani ya boksi lenye muhuri. Rozi alilinusa lile boksi. "Wino haujakauka," alisema, tukatoka. Duka la pili lilikuwa la Nasrullah, mtu mrefu mwenye maneno machache, naye aliuza za Kabuli. Spea za mtumba zinazotoka Japani sisi huziita za Kabuli, ingawa nyingi zao hazijawahi kuiona Kabul hata kwenye picha, na dereva wa bondeni kwetu huziamini kuliko mpya, kwa sababu kitu kilichokwisha kufanya kazi hakiwezi kuwa cha udongo. Rozi alipitisha ukucha kwenye mifereji, akapinda shingo, akanusa grisi. Hakuona kasoro, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Apa," alisema. "Apa kwa mikono ya Abbas kwamba ni nzima."

Kiapo hicho kwetu hakichezewi. Mikono ya Abbas ilikatwa akiwapelekea watoto maji pale Karbala, na anayeitaja kwa uongo, mwaka haumwishii salama. Hata wezi wa mbuzi wanaikwepa.

"Siapi kwa ajili ya chuma," Nasrullah alijibu. "Chuma kinaweza kukatika kesho, mimi nikabaki na kiapo shingoni. Kama unazitaka, chukua. Zikikushinda, rudisha."

"Umesikia?" Rozi aliniambia tulipofika nje. "Asiyeapa ana jambo."

"Au ana dini," nikasema. "Shemeji, zile zilikuwa nzuri. Mikono inaniuma."

Hakunisikia. Tulilala kwa binamu yangu, Rozi akiwa ameulalia usukani, na siku ya pili tukaingia duka la Sikandar, mtu wa maneno matamu na chai ya chumvi yenye siagi ya kuelea. Sikandar alitoa jointi mbili zilizoshindiliwa grisi mpya mpaka zikavimba. "Hii ya kulia," alisema, "na hii ya kushoto. Za Kabuli, lakini zimefanya kazi kidogo hapa hapa kwetu."

Rozi alifuta mfereji mmoja kwa kidole. Aliusaka ukuta ule alioonyeshwa na fundi, unaosukumwa gari likienda mbele. Laini kabisa. Ya pili, hivyo hivyo.

"Apa."

Sikandar aliweka kikombe chini, akainua mkono bila kusita. "Naapa kwa mikono ya Abbas, kama nilivyoambiwa na aliyeniletea: jointi hizi zimetoka kwenye gari la mzee mmoja mwangalifu kuliko wote katika mabonde haya. Mzee haazimi gari, halipakii kupita kiasi, na hamwamini hata mkewe."

Uso wa Rozi ulichanua. "Mtu wa namna hiyo hazai spea mbovu," aliniambia. Akalipa bila kubishana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Fundi Taqi alipozipokea alizigeuza geuza mkononi, akamtazama Rozi, akanitazama mimi. "Mzee, hizi nazijua."

"Najua unazijua. Sasa utasema kwa shemeji yako kuna bora zaidi."

"Nataka kukwambia zilipo—"

"Funga, Taqi. Muuzaji ameapa. Wewe umeapa?"

Taqi akafunga mdomo, kisha akafunga jointi. Ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, kama Sikandar alivyosema. Niliona mabega yake yakitikisika chini ya gari, nikadhani ni kikohozi.

Na gari likanyamaza. Kona zote za kupanda bonde la Braldu, mkono huu na mkono ule, kimya kabisa. Rozi aliimba kaswida njia nzima, na anaimba vibaya. Tulifika kijijini mvua ya vuli imeanza, na tukamkuta mkunga amesimama mlangoni. Alisema mtoto amekaa kinyume, na kwamba Kaniz ashushwe hospitali leo, si kesho.

Rozi akatia gari rivasi aligeuze uani.

Kak-kak-kak.

Sote tulisikia. Kaniz, ameegemea mlango na mkono kiunoni, alisema, "Ata, ni sauti ile ile. Sasa inatembea kinyumenyume."

Sijawahi kumwona mtu akifungua gurudumu kwa kasi ile. Rozi alifuta grisi upande wa nyuma wa kikombe cha jointi, mahali ambapo hakuna anayetazama dukani, na pale palikuwa na chale tatu za tupa. Chale hizo aliziweka yeye. Kila chuma cha gari lile amekipiga chale, kama mchungaji anavyokata masikio ya mbuzi wake, ili mafundi wasimbadilishie.

Chuma kibovu anachoacha mteja gereji ni chai ya fundi. Ndivyo ilivyo kwetu, na Taqi alikuwa ameziuza kama chakavu. Mtu akazisafisha, akaifanya ya kushoto kuwa ya kulia na ya kulia kuwa ya kushoto, ili gololi zisukume ukuta ambao haujaliwa. Kwenda mbele, mpya. Kurudi nyuma, maiti zile zile. Na Sikandar hakuvunja kiapo, maana yule mzee mwangalifu kuliko wote alikuwa amesimama mbele yangu, grisi mpaka kwenye viwiko. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilimwangalia Kaniz, kicheko hakikuja.

Gari jingine lilikuwa la Mehdi tu, naye alikuwa ameshuka mjini. Rozi alifunga gurudumu. "Mbele hazilii," alisema, kama anayejiombea mwenyewe. "Tutakwenda mbele tu."

Kaniz akapanda, na dada yangu akapanda nyuma yake.

Tulishuka polepole, magurudumu yote manne yakivuta, barabara imekuwa uji. Kwenye maporomoko, mahali pale pale, tukakutana uso kwa uso na jipu la Mehdi likipanda, limejaa magunia ya unga. Sheria ya barabara ile inajulikana na mbuzi pia: anayeshuka humpisha anayepanda. Mehdi akapiga honi. Rozi hakusogea. Mehdi akapiga tena, kisha akashuka.

"Rozi, rudi nyuma. Nimepakia."

Rozi alishuka kwenye tope. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Jointi za mbele," Rozi alisema. "Nikirudi nyuma kwenye mlima na tope hili, zitakatika. Tutakwenda mtoni."

Mehdi alitazama lile jabali ambalo chini yake dada yangu alitandika shuka siku ile. "Jointi ya mbele," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Hapa hapa."

"Hapa hapa." Sauti ya Rozi ilikwaruza. "Njoo usikilize, Mehdi. Nitairudisha kidogo tu, usikie mwenyewe. Usidhani nakudanganya."

"Sina haja ya kusikia," Mehdi alisema. "Umeniambia."

Akapanda jipu lake, akalirudisha nyuma na shehena yake yote, kuteremka kona ile, gurudumu la nje likimega kingo za barabara na mawe yakidondoka majini, mpaka alipopata upana. Rozi alibaki amesimama katikati ya njia na mvua ikimwagikia. Tulipompita Mehdi, Rozi alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Asalaam aleikum, Mehdi."

"Waaleikum salaam. Mpeleke mtoto."

Hospitali, wanaume hawaruhusiwi kuvuka pazia la wodi ya wazazi. Tulikaa kwenye korido, Rozi akitazama pazia lile kama anavyotazama boksi lenye muhuri. Ndani kulikuwa na wanawake wengi na kelele nyingi. Kisha dada yangu akachungulia, akanipungia mkono, akarudi ndani, na kilio chembamba kikapanda juu ya kelele zote.

Rozi alinishika mkono. "Shemeji, masikio yangu yamezeeka. Ni wetu huyo? Analia kweli?"

"Ni wetu," nikamwambia. "Analia."

Hakuinuka kwenda kuhakikisha. Alikaa palepale sakafuni, akavua kofia yake ya sufu, akafunika nayo uso.