Mfuko wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Nilikata mfuko wa nyuma wa longi ya jinzi kwa wembe, na longi yenyewe ilikuwa imevaliwa. Ndani yake alikuwa binamu yangu. Heri tuanzie hapo, usije baadaye ukadhani mimi ni mtu wa maana.

Mama yangu hushona mifuko. Si nguo, mifuko. Katika kiwanda chao hapa Ruiru kila mtu ana kipande chake: huyu zipu, yule kiuno, mwingine pindo la chini, na kitambaa kinasonga kutoka cherehani hadi cherehani mpaka mwisho wa laini inatoka longi. Mama ni mfuko wa nyuma wa kushoto. Miaka yote hii nimekula, nimesoma na nimetibiwa malaria kwa mfuko wa nyuma wa kushoto. Lakini hakuna longi hata moja iliyowahi kufika kwetu. Zile ni za Amerika tu, na askari wa geti huwapapasa akina mama wakitoka kana kwamba wamemeza zipu. Nikiwa mdogo nilimwonea wivu kijana fulani wa huko, nisiyemjua, ambaye kila akiketi anakalia kazi ya mama yangu.

Wivu wa mtu wa mbali huwa unapoa. Wa binamu ndio huwasha. Tata, dada mdogo wa mama, anauza mitumba soko la Thika. Mwanawe ni rika langu, na huyo msee sijawahi kumwona na nguo ya kawaida. Bale ikifunguliwa, zile safi za juu kabisa, wanazoita kamera, anazijaribu yeye kabla mteja hajainama. Mimi nina longi ya shule na longi ya kanisa, na ukiangalia vizuri utaona ni moja.

Mwalimu wetu wa biashara ndiye alinimaliza. Alitueleza kwamba nguo za Ruiru huingia Amerika bila ushuru kwa sababu kuna mkataba, ndiyo maana wanunuzi wa huko wanaagiza kwetu badala ya kwingine. Tena akasema kuna wakati nchi za huku zilitaka kuzuia mitumba ili watu wavae nguo za hapa, na Amerika ikajibu: sawa, fungeni, na sisi tutawatoa kwenye mkataba. Nchi yetu ikarudi nyuma. Wenzangu wakaandika. Mimi nikakaa hivyo nikiumia. Kumbe mkataba unaompa mama mfuko wa kushona ndio huo huo unamwachia binamu yangu longi za kuringia! Nikainua mkono nikauliza kama kuna kipengele cha sisi ambao longi zinatupita zikienda na kutupita zikirudi. Nilimalizia somo hilo nje.

Kisha mkataba ukafika mwisho, wakubwa wakiwa bado hawajakubaliana kuuongeza, na ushuru mpya wa huko ukiwa umeshaanza kupandishwa. Maagizo yakapungua. Akina mama wa laini yao wakaambiwa waende nyumbani wapumzike kidogo, wataitwa. Mama alipumzika kwa kupangusa ukuta ule ule kila asubuhi. Habari zikisema mazungumzo yanaendelea, anaongeza sauti. Zikihamia mpira, anazima.

Ndipo tata akapiga simu. Wateja wake wananunua longi ndefu kuliko miguu yao, kando ya kibanda kuna nafasi, na cherehani amepata. Mama aje Jumamosi, tata amwone akishona, wakubaliane.

"Naenda kama fundi," mama aliniambia. "Siendi kuombaomba kwa mtu niliyembeba mgongoni. Na wewe, tafadhali, hiyo akili yako ya mchezo iache Ruiru."

Nilijaribu. Shida ni kwamba tulipofika tu, mama akapelekwa nyuma kuonyeshwa cherehani, na mbele ya kibanda alikuwa amesimama binamu yangu, amevaa jinzi nyeusi, akigeuka polepole ili nisikose upande wowote.

"Niaje, mtu wa Ruiru. Cheki. Majuu hii."

"Majuu gani? Hizo zinashonwa kwetu."

"Kwenu? Kwenu si mnashonanga aproni tu?"

Nikamkunja kiuno cha longi nikasoma kibandiko. Imetengenezwa Kenya. Yaani hii kitu ilitoka Ruiru, ikaingia Amerika bure, ikavaliwa, ikachokwa, ikafungwa ndani ya bale, ikatozwa ushuru kurudi kwao, na mwisho ikaja kumkaa binamu yangu vizuri hapa Thika. Na mimi bado sina.

"Basi huo mfuko ni wa mama," nikasema.

"Basi mwambie aje auchukue," akasema, akaupigapiga.

Wembe wa kukatia nyuzi ulikuwa juu ya meza. Nikapiga magoti nyuma yake. "Simama wima, fundi yuko kazini," nikamwambia, naye akasimama, akicheka, akijua ni mchezo. Hata mimi nilijua ni mchezo. Nilitaka uzi mmoja tu, wa kumtisha. Lakini uzi ukishaanza kutoka una utamu wake, na nilipostuka mfuko ulikuwa unaning'inia kama ulimi wa mbuzi.

Alipapasa nyuma, akapiga nduru. "Umeniua! Si yangu hii! Ni ya mteja!"

Ilikuwa imewekewa mwalimu mmoja wa Juja, anakuja kuichukua siku hiyo hiyo. Binamu yangu aliivaa kidogo tu, ati hadi nifike niione.

"Ngai fafa!" Tata alikuwa ametokea. "Dada, hivi ndivyo mnaanza kazi?"

Mama hakunitazama. Alimtazama mdogo wake, pale mbele ya wauza viatu na muuza sidiria, akasema, "Nisamehe. Mtoto ni wangu. Nakuomba unipe hiyo cherehani." Neno hilo nakuomba, alilokuwa ameapa halitasikika Thika.

Binamu yangu alivua longi nyuma ya pazia. Chini alikuwa na kaptura ya michezo imetoboka, kama yangu. Wivu wangu ukasimama hapo bila mahali pa kukaa.

Mama alishona. Hakupima, alilaza tu mfuko kwa kidole gumba, na cherehani ikalia kidogo ikanyamaza. Mwalimu alipokuja aliijaribu, akatia simu katika mfuko ule ule, akaenda zake. Tata akasukuma rundo la longi mbele ya mama. "Zote hizo zinataka pindo. Jumatatu uje mapema. Na huyu umwache huko kwenu."

Tukielekea stendi nilitaka neno lolote la kunipoza. Nikamuuliza kama aliutambua mfuko, kama kweli ulikuwa wake.

Mama akasema, "Sijui. Yote niliyowahi kushona ilipita bila ushuru. Huo mmoja ndio nimelipia, na aliyenitoza ni wewe."